Taa za Banda la Baba

3 Februari

Chiriku wangu,

Barua yako ya mwaka mpya niliipata. Ilikuwa na mistari mitano, na minne kati yake ilikuwa salamu. Sisemi kwa ubaya, mtu akiwa kazini hana mdomo wa ziada. Ila nilikupa jina la Chiriku kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikuwa unaongea hata usingizini, na sasa nalazimika kuisoma barua yako taratibu ili isiishe upesi.

Mimi sijambo. Masikio ndiyo yale yale. Simu uliyoniletea naiweka mezani, najua inalia kwa sababu inatetemeka, lakini nikiipokea nasikia kama mtu anaongea ndani ya debe. Kwa hiyo tuendelee na kalamu.

Nina swali la kazi. Yule muuza mbao aliyenunua kiwanja cha upande wa mashariki amejenga ghala refu, na ukuta wake umeziba dirisha la banda. Jua la asubuhi limehama. Ndani kuna giza mpaka karibu adhuhuri, na jioni giza linarudi mapema kama mgeni aliyesahau mwavuli. Ng'ombe wangu watatu wanakula kidogo na kulala sana. Madoa, aliyekuwa anajaza ndoo mpaka inamwagika, sasa anaishia katikati. Bibi Harusi naye hivyo hivyo. Mkaidi ni mkaidi, sijui hata anafikiri nini.

Katika ile mistari mitano, mmoja ulisema kwamba huko kwenye shamba lenu taa za banda huwaka mpaka saa tatu usiku. Nikajiuliza, zinawaka kwa ajili ya watu au kwa ajili ya ng'ombe? Nieleze. Eleza kirefu, mimi si mtu wa kuchoka.

Baba yako


19 Februari

Shikamoo baba,

Umeniuliza swali ambalo wenzangu hapa wamechoka kunisikia nikilijibu. Ni kwa ajili ya ng'ombe.

Ng'ombe anausoma mwanga kwa macho, na mwili wake unaamua kufuatana na alichosoma. Mchana ukiwa mrefu, mwili unajiambia kwamba majira ni mazuri, kula, toa maziwa. Mchana ukiwa mfupi, mwili unajibana kama mtu anayetunza akiba. Hapa tuna ng'ombe mia tatu, na mimi ndiye msimamizi wa zamu ya jioni na wa taa. Tunawapa saa kumi na sita za mwanga na saa nane za giza. Giza nalo ni la lazima, baba. Usije ukaacha taa kucha ukidhani ukizidisha utapata zaidi. Zikiwaka usiku na mchana, mwili wa ng'ombe haujui tena siku imeanzia wapi, na faida yote inapotea.

Fanya hivi. Muite fundi umeme afunge taa ndefu za mirija, si balbu moja katikati inayoangaza paa na kuacha hori gizani. Mwanga uenee sawasawa, hasa wanapokula. Kipimo chake ni rahisi. Simama karibu na kichwa cha Madoa, shika gazeti. Ukilisoma bila kukunja uso, mwanga unatosha. Mwambie fundi akuwekee swichi yenye saa, iwashe saa kumi na moja alfajiri na kuzima saa tatu usiku, usiwe unahangaika nayo. Na kila mwezi zifute taa, maana vumbi la pumba na uchafu wa nzi hula mwanga kidogo kidogo bila mtu kujua.

Waongeze chakula na maji, kwa sababu watakula zaidi. Na usitegemee muujiza kesho. Baada ya wiki tatu, nne, ndipo utaona ndoo inabadilika.

Sijaandika barua ndefu hivi tangu nije huku. Naona karatasi imekwisha.

Mwanao


14 Machi

Chiriku,

Fundi amekuja. Ni mtu mzima mwenye kitambi na kauli za kukatisha tamaa. Aliuliza, "Taa sita kwenye banda, kuna harusi?" Nikamwambia, "Bibi Harusi yuko ndani, ingia umsalimie." Akavua kofia, akaingia, akakutana uso kwa uso na ng'ombe. Hakucheka. Ila alinifungia kazi safi, na ile swichi yenye saa ameiweka mlangoni ndani ya kiboksi ili isiingie maji.

Nilisimama na gazeti karibu na kichwa cha Madoa kama ulivyosema. Nilisoma mpaka matangazo ya vifo. Madoa akalamba ukurasa wa michezo.

Shangazi yako alifunga cherehani mapema akaja kutazama. Alisimama mlangoni mikono kiunoni, akasema, "Kaka, ng'ombe umewawekea taa sita, na wewe mwenyewe sebuleni una balbu moja inayokohoa." Nikamwambia mimi sikamuliwi. Amecheka mpaka ameshika ukuta.

Saa tatu ilipofika zikazima zenyewe. Nilikuwa katikati ya banda. Nikabaki nimesimama gizani nikifurahi kama mtoto, na sikuwa na wa kumwambia, ndiyo maana nakuambia wewe.

Baba yako


1 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mezani wakati wa chai, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Nikawasimulia habari za Bibi Harusi na kofia ya fundi. Sasa kila siku wananiuliza kama baba ameandika.

Jambo moja nililisahau. Mkaidi akikaribia kuzaa utamkausha, utaacha kumkamua miezi miwili. Kwa wakati huo anahitaji kinyume cha wenzake. Mtenge kwenye kile kichumba cha nyuma, apate mchana mfupi na giza refu. Ng'ombe aliyepumzika gizani, akizaa na kurudi kwenye mwanga, hutoa maziwa vizuri kuliko yule aliyeachwa chini ya taa muda wote. Nami nilishangaa nilipofundishwa. Kumbe kuna kupumzika ambako nako ni kazi.

Umeniambia ulivyosimama gizani. Nami nikuambie. Huku taa zinapozima huwa nabaki mlangoni kidogo. Ng'ombe mia tatu hawalali kwa pamoja. Anaanza mmoja, anapiga magoti ya mbele, anashusha uzito, anatoa pumzi. Halafu wa jirani yake. Pumzi inatembea kutoka upande huu wa banda mpaka upande ule, kama watu wanaopeana habari. Huo ndio wakati pekee ambao sina wa kumwelekeza chochote. Madoa naye analala vizuri? Anatafuna akiwa amelala, au anasimama muda mrefu?

Nilitaka kuandika jambo jingine lakini kengele ya zamu imelia.

Mwanao


27 Aprili

Chiriku wangu,

Ndoo imejaa.

Sikutaka kukuandikia mapema nisije nikajitia nuksi. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna, shangazi yako akaanza kuniita "bwana umeme". Ya tatu Madoa akapanda kidogo, nikasema labda ni majani mapya. Ya nne imejaa, na Bibi Harusi naye anamfuata nyuma. Wanakula kama wana miadi. Pumba iliyokuwa inanitosha mwezi mzima sasa inaisha kabla mwezi haujafika mwisho. Nimemaliza kumkausha Mkaidi na nimemtenga kichumba cha nyuma. Amenuna.

Madoa analala vizuri. Anatafuna akiwa amelala, macho nusu, kama mama yako alipokuwa anasikiliza redio.

Taa nazifuta mwenyewe. Mara ya kwanza nilitoa vumbi la kujaza kiganja.

Sasa swali. Nikitaka kumchungulia Mkaidi wakati wa giza, niwashe taa gani nisimharibie? Na ukipata nafasi, niambie chumba chako kikoje. Hujawahi kuniambia dirisha linatazama wapi.

Baba yako


12 Mei

Shikamoo baba,

Tumia balbu ndogo nyekundu, yenye mwanga hafifu. Nyekundu haimsumbui ng'ombe, kwake ni kama giza tu. Iwashe, mtazame, izime.

Barua ya ndoo niliwasomea wote. Mkamuaji mkuu, mama mmoja asiyecheka na mtu, alisema, "Huyo mzee wako ana mkono." Nilijisikia kama nimesifiwa mimi.

Chumba changu kiko juu ya mashine za kupozea maziwa. Sakafu inatetemeka. Dirisha linatazama ukuta.

Zifute tena taa mwezi huu. Usiache.

Mwanao


16 Juni

Baba,

Sijapata barua tangu ile ya ndoo. Posta ndiyo imelala au ni wewe? Mkaidi anakaribia. Niandikie hata mistari mitano.

Chiriku


30 Juni

Chiriku wangu,

Usiogope. Ni mafua tu, yalishuka kifuani yakanilaza kidogo. Mwandiko unaonekana umepinda kwa sababu naandikia kitandani, mto umekaa vibaya.

Ng'ombe wazima. Taa zinawaka na kuzima kama ulivyopanga. Wiki iliyopita nilizifuta, na baada ya siku nne tu maziwa yakapanda tena. Mkaidi amezaa ndama jike, ana alama nyeupe usoni. Nimemrudisha kwenye mwanga, na anatoa vizuri sana. Nadhani atampita Madoa.

Niandikie zaidi kuhusu taa. Kuna jambo jipya huko? Mimi huku nina muda wa kusoma.

Baba yako


17 Julai

Shikamoo baba,

Pole kwa mafua. Umenitisha. Nilikuwa nimeanza kuuliza nauli.

Nimefurahi kwa ndama. Mkaidi akae kwenye mwanga sasa, chakula chake kiongezwe pole pole asije akavimbiwa. Siku nne ni chache sana kwa maziwa kupanda, lakini huenda ni kwa sababu ya ndama, ndoo imechanganyika. Chakula kimeongezeka kiasi gani tangu Mkaidi arudi? Niambie, nikupigie hesabu ya pumba.

Jambo jipya lipo. Wameleta taa ambazo haziwaki ghafla. Zinaanza na mwanga mdogo, zinaongezeka taratibu mpaka banda lote linaamka. Jioni zinashuka vivyo hivyo. Ng'ombe hawashtuki. Siku ya kwanza nilisimama chini yake asubuhi, na kwa muda mfupi nilidhani niko nyumbani, pale jikoni, mama akiwa ameshafungua mlango wa nje. Kisha mashine zikaanza kulia.

Bibi Harusi anakula? Hajapungua mwili? Anapata mtu wa kumkuna shingo?

Mwanao


9 Agosti

Chiriku,

Hizo taa za kuamka taratibu nimezipenda. Nimemsimulia kila anayepita.

Chakula ni kile kile, gunia moja linatutosha vizuri. Bibi Harusi hajapungua. Anakunwa. Ndama dume wa Mkaidi ana fujo, anavuta mkia wa kila mtu. Mimi nimepona kabisa. Wiki iliyopita nilikwenda kwa shangazi yako nikakaa siku tatu, tukala, tukabishana, nikarudi nimenenepa.

Sasa niambie, huko kwenu nani anafuta taa? Ni wewe? Mnapanda na nini? Ngazi zenu ni imara? Nijibu hilo la ngazi.

Baba yako


25 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Najua cherehani haikupi nafasi, kwa hiyo nitauliza moja kwa moja, nawe unijibu moja kwa moja kama kawaida yako.

Baba ananificha nini?

Ameniandikia kwamba Mkaidi alizaa jike, halafu barua iliyofuata ndama amekuwa dume. Anasema gunia moja la pumba linawatosha ng'ombe watatu waliomo kwenye mwanga mrefu, wakati mwezi wa nne walikuwa wanalimaliza kabla ya wakati. Hayo ningeweza kuyaacha, mtu husahau. Lakini anasema alikaa kwako siku tatu. Shangazi, ng'ombe anayekamuliwa hana siku tatu. Tangu nazaliwa baba hajawahi kulala nje ya nyumba ile. Hata siku ya harusi yako aliondoka kabla ya keki kwa sababu ya kukamua, na mpaka leo hujamsamehe. Nani alikamua hizo siku tatu?

Na kwa nini ananiuliza habari za ngazi?

Mtoto wa kaka yako


10 Septemba

Mwanangu,

Kaka yangu aliniapisha. Lakini aliniapisha nisikuambie, hakuniapisha nisikujibu ukiuliza. Kwa hiyo hapo mimi na Mungu wangu tumeelewana.

Mwezi wa tano alipanda ngazi kufuta zile taa. Ngazi ile mimi nilimwambia aifanye kuni tangu enzi za mama yako. Ikavunjika naye juu. Nyonga ikakatika. Hiyo ilikuwa asubuhi. Simu ilikuwa mezani sebuleni. Nilikuja jioni kuchukua maziwa yangu, nikaona taa zinawaka, nikaita, kimya. Nikamkuta chini, Madoa amesimama juu yake, miguu huku na huku, hajamkanyaga. Bibi Harusi analia, kiwele kimejaa kupasuka. Unajua aliniambia nini? "Wakamue kwanza." Nikamtukana, nikaenda kuita watu.

Walimfanyia upasuaji. Alilala hospitali mpaka karibu mwisho wa mwezi wa sita. Sasa anatembea na fimbo, taratibu, lakini kuinama chini ya ng'ombe ndiyo basi tena. Ng'ombe tumemuuzia yule mama mwoka mikate wa mtaa wa juu. Ni mtu mwema, anawatunza. Mkaidi alizaa kwake. Dume.

Kuhusu kukuficha. Nilimuuliza, kwa nini? Akasema, "Yeye ndiye aliyeniambia nifute taa. Akijua nilianguka nikifuta, atajilaumu mpaka uzeeni." Nikasema sawa, basi mwambie umeanguka bafuni. Akatikisa kichwa. Halafu akasema, "Nikimwambia ng'ombe wameondoka, ataniandikia nini? Kabla ya taa nilikuwa napata mistari mitano. Tangu taa ziingie nina barua kila mwezi."

Mwanangu, nimeshona nguo za maharusi na nguo za misiba, na machozi yangu si ya bei rahisi. Siku ile nilitoka nje.

Hizo siku tatu alikuwa kwangu kweli, nilikwenda kumchukua kwa nguvu. Siku nyingine anashinda bandani. Ameweka benchi kwenye hori ya Madoa. Anasomea barua zako pale, anasema ndipo penye mwanga mzuri. Taa sita zinawaka alfajiri na kuzima saa tatu, banda tupu. Nikamwambia zizime basi. Akasema, "Zinajizima zenyewe."

Usije ukajitupia lawama. Taa zilipaswa kufutwa, na ngazi ilipaswa kuchomwa. Na usimwambie nimekuambia. Ukishindwa, mwambie.

Shangazi yako


29 Septemba

Baba,

Shikamoo.

Nimeshindwa. Shangazi ameniambia.

Barua hii nimeianza nikiwa na hasira. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa kukugombeza, jinsi nilivyopiga hesabu za pumba za ng'ombe wasiokuwepo, jinsi nilivyowasimulia wenzangu habari za ndama jike mwenye alama nyeupe usoni, na yule mama asiyecheka akamtafutia jina. Kisha nikafikiria siku ile ulipolala chini tangu asubuhi. Nilikuwa zamu. Nilikuwa nazungukia taa za mtu mwingine, naangalia ipi imefifia. Nikaichana karatasi.

Siwezi kuahidi kwamba sitajilaumu. Kila jioni nikiona ngazi natazama pembeni. Uliniuliza, kwa hiyo nakujibu: ngazi zetu ni za chuma, na mtu hapandi bila mwenzake kushikilia chini. Hilo ndilo nililosahau kukuandikia. Nilikuandikia habari za mirija, za swichi na za vumbi, nikasahau kwamba huna wa kukushikia.

Sasa nikuambie habari ya ile mistari mitano, kwa sababu umeibeba muda mrefu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakuandikia kila Jumapili. Barua ndefu. Zote zilikuwa kilio. Chumba, kelele, chakula cha kula peke yangu, watu wanaopita bila kusalimiana. Nikizisoma nilikuona umekaa sebuleni chini ya ile balbu, huna la kufanya. Nikawa nazichana na kukuandikia salamu. Kisha nikazoea salamu. Mtu akizoea kufunga mdomo, baba, siku akitaka kuufungua hajui aanzie wapi.

Ndipo ukaniuliza kuhusu taa. Hapo nilikuwa na la kusema ambalo halikuumizi. Nilipokuuliza kama Madoa analala vizuri, nilikuwa nakuuliza wewe. Nilipouliza kama Bibi Harusi amepungua mwili, ni wewe. Nilipouliza kama ana wa kumkuna shingo, nilikuwa nataka kujua kama kuna mtu anakugusa bega siku nzima ikipita. Siku zote nilikuwa nakusubiri unijibu kuhusu wewe, nawe unanijibu kuhusu ng'ombe. Kumbe na wewe ulikuwa unanisubiri mimi.

Ng'ombe hawapo. Basi. Sitakuuliza tena habari zao, na wewe usinitungie. Niandikie unaamka saa ngapi. Niandikie nyonga inauma ukigeuka upande gani. Niandikie unakula nini ukiwa peke yako, na kama unakula.

Nami nitaanza. Dirisha langu linatazama ukuta, nilikuambia. Sikukuambia kwamba ukuta huo jirani wameupaka rangi ya njano, na jua la jioni likiupiga chumba changu chote kinakuwa njano kwa muda kidogo. Huwa najitahidi kuwepo. Nimenunua kiti cha pili, sijui kwa nini, hakuna anayekuja. Nimejifunza kukaanga mayai bila kuyavunja. Naimba nikiosha vyombo. Juzi nilisikia mtu anakohoa nje kama wewe, nikatoka na mikono ya sabuni.

Nimeomba likizo. Bosi akauliza, "Kuna tatizo gani nyumbani?" Nikasema hakuna tatizo, kuna baba. Bado hajajibu.

Chiriku


14 Oktoba

Mwanangu,

Barua yako ilifika Jumanne. Sikwenda bandani kuisoma. Niliisomea sebuleni. Ilibidi nimwambie shangazi yako alete balbu mpya, akaleta mbili, akazifunga yeye mwenyewe akiwa juu ya kiti huku mimi nimemshikilia kiuno na fimbo imenidondoka. Tungeanguka wote wawili ingekuwa habari mtaani.

Nimeanza kukujibu mara nne. Kila nikianza kalamu inakwenda kwenye ng'ombe. Ni mazoea. Kwa hiyo nitajibu ulichouliza.

Naamka saa kumi na nusu, kama zamani, kisha nakaa kitandani nikijiuliza nimeamkia nini. Nyonga inauma nikigeukia kushoto. Kwa hiyo nalala chali, na mtu akilala chali huwaza sana. Asubuhi nakunywa chai na mkate. Mchana shangazi yako hutuma bakuli. Jioni nasahau, sidanganyi. Nilikuwa nakula baada ya kukamua, na sasa hakuna cha kunikumbusha.

Bega langu hakuna anayeligusa. Kinyozi, labda.

Nilidanganya na sitasema sikudanganya. Ila sikukutungia ng'ombe ili nikucheze. Kila nilipoandika kwamba Mkaidi ameshiba, kwa muda ule nilimwona ameshiba, nikakuona na wewe unafurahi, na nyumba ikawa na watu. Ulipoandika kuhusu jikoni na mama yako kufungua mlango, niliiweka chini barua nikaenda kufungua ule mlango. Nikakaa pale kizingitini mpaka jua likanichoma.

Usijilaumu. Mimi ndiye niliyepanda.

Kwa miaka yote hii sijawahi kukuandikia neno hili, kwa sababu nilihofia litakuvuta mkono ukiwa kazini. Sasa naliandika. Nimekukumbuka, mwanangu. Nimekukumbuka mpaka nyumba naiona kubwa. Huku hakuna ndama wa kuja kumtazama, hakuna ugonjwa wa kukimbilia, hakuna taa ya kutengeneza. Njoo bila sababu.

Baba yako


30 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo.

Wamenipa likizo ndefu, mpaka mwaka ujao uanze, na baada ya hapo tutaona, mimi na wewe, tukiwa tumekaa. Yule mama asiyecheka ndiye aliyekwenda kuniombea. Sijui alimwambia bosi nini. Aliporudi alisema tu, "Kafunge mizigo."

Nimepata nafasi kwenye basi la keshokutwa. Nimepiga hesabu, nimeona kwamba barua hii nitaitangulia. Wewe utakapoiona, nitakuwa nimeshafika, nimeshakugombeza, nimeshakupikia chakula cha jioni siku kadhaa. Mwenzangu wa zamu amenishangaa. "Sasa unaandika ya nini?" Nikamwambia, baba yangu amezoea kupata barua kila mwezi, na mwezi huu bado sijamwandikia.

Kwa hiyo mtu wa posta akibisha hodi, usinyanyuke. Nitakwenda kuipokea mimi.

Mwanao